Halmashauri na Miti ya Nairobi

Msomaji, ukitaka kujua habari za mji wowote, usiulize majina ya majumba yake tu. Uliza pia ni nani aliyeacha nafasi baina ya majumba hayo, na kwa nini nafasi hizo hazijajengwa mpaka leo. Ardhi ya katikati ya Nairobi ni ghali mno. Hapana kipande kisichotamaniwa. Hata hivyo, mtu akishika njia kwa miguu kutoka Kenyatta Avenue kuelekea magharibi, atapita Uhuru Park, atapanda mwinuko wa kwenda Ikulu, na kabla ya kufika Kileleshwa atakuta bustani kubwa ya miti iitwayo Arboretum. Humo kima na tumbili hurukaruka matawini, na kijito cha Kirichwa Kubwa hupita bondeni. Vipande hivi vya ardhi vimesaliaje kuwa mali ya watu wote?

Jibu tulilozoea kupewa ni kwamba viliokolewa na mashujaa. Jibu hilo lina ukweli, nami sitalipinga. Lakini nyuma ya mashujaa hao palikuwa na halmashauri: watu wachache walioketi kuizunguka meza, pasipo mshahara, wakisoma kumbukumbu za mkutano uliopita na kuhesabu ada za wanachama. Historia ya miti ya Nairobi kwa sehemu kubwa ni historia ya meza hizo. Basi katika kurasa hizi chache nataka tutazame ni nani aliyeketi mezani katika kila zama, na ni nani aliyeachwa nje.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka 8 baadaye, mwaka 1907, ofisa wa misitu aitwaye Battiscombe alianza kupanda miti ya kigeni mahali palipo Arboretum sasa, ili ijulikane ni ipi itakayostawi katika nchi hii. Haja ya mbao na kuni ilikuwa kubwa, maana injini za gari la moshi za siku zile zilikula kuni kama moto wa nyika. Mwaka 1909 Wazungu kadhaa wakaunda chama cha kuchunguza ndege, wanyama, wadudu na mimea ya Afrika ya Mashariki na Uganda. Miongoni mwao walikuwamo maofisa wa Serikali kama Frederick Jackson, C. W. Hobley na John Ainsworth. Chama hicho hakikuwa idara ya Serikali. Kilikuwa chama cha hiari. Wanachama walikutana nje ya saa za kazi, wakachagua viongozi, wakaanza kutoa jarida, na wakakusanya ndege, wadudu na mimea iliyokaushwa, hata ikawa hapana budi kutafuta nyumba ya kuviwekea vitu hivyo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mahali iliposimama Nyayo House leo. Ilipokuwa ndogo, ikajengwa nyingine mwaka 1922 mahali penye Hoteli ya Serena sasa. Na mwaka 1930 likafunguliwa jengo la kilimani, lililopewa jina la gavana Robert Coryndon aliyekuwa amekwisha kufariki. Hiyo ndiyo asili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo huenda umepelekwa kuyatazama pamoja na darasa lako. Yalizaliwa na halmashauri ya watu wasiolipwa. Chama chenyewe kingali hai. Siku hizi chajulikana kwa jina la Nature Kenya, na matembezi yake ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971.

Hayo ni mambo ya kusifiwa. Lakini tazama tena majina ya waasisi. Hamna Mwafrika hata mmoja. Katika mji ule, miinuko ya magharibi yenye hewa safi na miti mingi ilitengwa iwe makao ya Wazungu, na Waafrika wakapewa upande wa mashariki, Pumwani na kwingineko, ambako nyumba zilisongamana na miti ilikuwa michache. Ukichukua ramani ya Nairobi ya leo ukapaka rangi ya kijani mahali pote penye miti mingi, utakuwa umeichora upya ramani ya ubaguzi wa zamani. Wanaume wa Kiafrika waliojua jina la kila ndege na dawa ya kila mti walikuwako, tena wengi, lakini maarifa yao yalifika mezani bila wao wenyewe kufika.

Jambo kama hilo lilitokea kusini mwa mji. Katika miaka ya 1930 Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi aliyesomea uhasibu, alitaka nyika yenye wanyama iliyopakana na mji ihifadhiwe. Serikali haikuonyesha haraka. Akaliandikia gazeti la East African Standard barua chini ya jina la bandia, akijifanya mlowezi mkongwe, na kupendekeza wanyama wote wauawe kwa risasi ili mambo yaishe. Wasomaji wakafura kwa hasira, wasijue kwamba barua ile ni mtego. Serikali ikaunda halmashauri ya kuchunguza jambo hilo, na tarehe 16 Desemba 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi ikatangazwa, ya kwanza katika Kenya, ikawekwa chini ya bodi ya wadhamini. Hila ile yachekesha. Haikuwachekesha Wamasai waliokuwa wakilisha ng'ombe zao pale, kwa kuwa katika bodi ile hapakuwa na kiti cha mchungaji, nao wakaondolewa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 bendera ilibadilika kwa usiku mmoja, lakini viti vya halmashauri vilichukua muda mrefu zaidi. Baada ya mkutano mkuu wa Stockholm wa mwaka 1972, Umoja wa Mataifa uliweka Nairobi makao makuu ya shirika lake la mazingira. Mwaka 1974 kikaanzishwa kituo cha kuviunganisha vyama vya hiari na shirika hilo, kikaitwa Environment Liaison Centre. Kituo hicho kilihitaji wenyeji katika bodi yake, na mmoja wa walioombwa kuingia alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, aliyefundisha elimu ya viungo vya wanyama. Jina lake Wangari Maathai. Alikubali, na baadaye akawa mwenyekiti wa bodi hiyo. Hakuwa amesomea misitu. Alikuwa mtaalamu wa wanyama. Nalitaja jambo hili kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba mtu hualikwa katika halmashauri akiwa amekwisha kujua kila kitu.

Wakati huohuo aliingia katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na hapo ndipo bahati kubwa ya nchi ilipopatikana. Mezani pa Baraza hilo walikutana wanawake wa mjini wenye elimu na wajumbe wa wanawake wa mashambani. Wa mashambani walisema kuni zimekwisha, vijito vimekauka, na watoto wanadhoofika kwa kuwa mama asiye na kuni hupika chakula kiivacho upesi, si kile chenye nguvu. Profesa angeweza kukaa Chiromo miaka 20 asisikie neno hilo. Alilisikia kwa sababu alikuwa mkutanoni. Shauri alilolitoa lilikuwa rahisi hata likaonekana kama mchezo: wanawake wapande miti wenyewe. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, watu waliandamana kutoka jumba la mikutano la Kenyatta, katikati ya mji, wakaenda uwanja wa Kamukunji na kupanda miche 7. Huo ulikuwa mwanzo wa Green Belt Movement, kazi iliyompatia Wangari Maathai Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Usifikiri kwamba viti hivyo vilipatikana kwa upole. Mwaka 1979 aligombea uenyekiti wa Baraza akashindwa kwa kura 3 tu, akachaguliwa makamu. Mwaka 1980 akagombea tena ingawa wakubwa Serikalini hawakumtaka. Chama kikubwa cha Maendeleo ya Wanawake kikajitoa katika Baraza, na fedha nyingi zikakifuata huko, Baraza likabaki maskini. Wangari akawa mwenyekiti wa chombo kisicho na kitu. Kila mwaka alichaguliwa upya, mpaka alipostaafu mwaka 1987.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, kukaa kitini ni kazi gani?" Wenzake wakacheka, lakini swali lilikuwa zuri, na lastahili jibu. Halmashauri ya chama cha hiari ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe. Mwenyekiti huonekana sana, ila aliye roho ya chama ni katibu. Yeye huandika kumbukumbu, huhifadhi barua, hujua namba ya kiwanja na tarehe ambayo msitu ulitangazwa katika gazeti rasmi la Serikali. Mweka hazina naye hutunza daftari la fedha ili mtu yeyote akisema chama kimekula pesa, daftari lijibu. Kila mwaka huitwa mkutano mkuu. Idadi ya waliofika huhesabiwa, na ikipungua kiasi kilichowekwa na katiba, mkutano huahirishwa. Kazi hiyo haina ngoma wala vigelegele. Saa ya kuchagua katibu ikifika, watu wazima wenye heshima zao huinamisha vichwa na kutazama viatu.

Lakini fikiri jinsi ardhi ya umma inavyoibwa. Mwizi wa ardhi haji usiku na gunia. Huja mchana na karatasi. Kigingi cha mpimaji huonekana penye nyasi, kisha hati hutolewa, kisha ua hujengwa, na siku watu wanapoamka kupiga kelele, mwenye hati huwaonyesha muhuri. Taarifa ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi misitu, viwanja vya shule na bustani za watu zilivyogawiwa kinyume cha sheria. Dhidi ya karatasi yafaa karatasi. Mtu anayepita njia hawezi kukitambua kigingi. Katibu mwenye jalada lake hukitambua siku ileile.

Hayo yalionekana wazi mwaka 1989. Uhuru Park ilikuwa imefunguliwa miaka 20 nyuma, ikawa mahali ambapo mtu asiye na bustani kwao aliweza kulaza mgongo nyasini Jumapili na watoto wake. Ukatokea mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60 la shirika la gazeti la Kenya Times, gazeti la chama tawala. Wangari Maathai hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa barua: kwa mkurugenzi wa shirika lenyewe, kwa Ofisi ya Rais, kwa wakuu wa mji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, hata kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama watu wa London wangekubali jumba kama hilo lijengwe katika Hyde Park. Zilinganishe barua hizi na ile ya Cowie. Yeye alificha jina lake. Mama huyu alitia sahihi yake chini ya kila moja, katika siku ambazo kutia sahihi kama hiyo kulikuwa hatari.

Majibu yalikuwa makali. Bungeni alitukanwa, na wanawake wenzake wakaitwa kundi la walioachwa na waume zao. Rais Moi alisema hadharani kwamba kwa mila ya Kiafrika mwanamke apaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt Movement ikapewa saa 24 kuhama ofisi ya Serikali, ikahamia nyumbani kwake mtaa wa South C. Akaenda Mahakama Kuu. Kesi ikatupwa nje, kwa sababu mahakama ilimwona kuwa hakudhurika yeye binafsi kuliko raia mwingine, na kwa hiyo hakuwa na haki ya kudai. Lisome tena jambo hili, msomaji. Bustani ilikuwa ya watu wote, na kwa kuwa ilikuwa ya watu wote, hapana hata mmoja aliyeruhusiwa kuitetea. Mwisho wafadhili wa kigeni wakasita, na mpango ukaachwa. Jumba lile halikujengwa.

Sheria ile ilibadilishwa baadaye. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilimpa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuyatetea mazingira, bila kuonyesha kwanza jeraha lake mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010 ikaitia nguvu haki hiyo katika ibara ya 70. Mwaka uleule wa 1999 Wangari na wenzake walipigwa na walinzi penye msitu wa Karura, kaskazini mwa mji, walipojaribu kupanda miti katika ardhi iliyokuwa imegawiwa kwa siri. Alitoka damu kichwani. Karura ina habari ndefu inayohitaji insha yake peke yake.

Miaka ya 1990 ndiyo miaka ya vyama vya "marafiki". Arboretum ilikuwa imechakaa, na watu waliogopa kuingia. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Marafiki wa Arboretum. City Park, kule Parklands, ambako yako makaburi ya Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi, ikapata marafiki wake pia. Kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikafanya jambo ambalo waasisi wa 1909 wasingaliliwaza: iliruhusu watu wakaao karibu na msitu kuunda chama, kukiandikisha, na kuutunza msitu pamoja na Serikali. Sheria mpya ya mwaka 2016 ikaendeleza njia hiyo, ikazitaja na haki za wanachama, kama vile kuokota kuni, kukusanya asali na dawa za mitishamba, na kulisha mifugo kwa taratibu zilizokubaliwa.

Hapo ndipo lile swali la meza linaporudi, safari hii likitukabili sisi wenyewe. Utazame msitu wa Ngong Road, magharibi mwa mji. Ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932, na tangu hapo umemegwa mara nyingi, na hivi karibuni ukakatwa na barabara kuu ya Southern Bypass. Upande mmoja wa msitu huo kuna mitaa yenye nyumba zilizozungukwa na bustani. Upande mwingine, ng'ambo ya barabara, iko Kibera, ambayo jina lake latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Wazee wao, askari wa jeshi la Mfalme, walipewa makao hapo palipokuwa bado pori. Mkaaji wa upande wa kwanza autaka msitu apate kukimbia asubuhi na kusikiliza ndege. Mkaaji wa Kibera huenda ataka kuni, au njia ya kupita salama, au kazi ya ulinzi. Wote wawili ni majirani wa msitu mbele ya sheria.

Lakini mikutano ya vyama vya hiari hufanywa wakati gani, na kwa lugha gani? Mjumbe halipwi, na nauli hutoka mfukoni mwake. Mwenye gari na kazi ya ofisini aweza kutoa jioni mbili kwa mwezi. Mama anayeuza mboga hawezi kufunga genge lake saa ambayo wateja hurudi kutoka kazini. Hivyo hata pasipo mtu yeyote kutaka kubagua, meza hujaa watu wa upande mmoja, na halmashauri iliyojaa watu wa upande mmoja hufikiri ua kwanza na mengine baadaye. Mimi naona huu ni udhaifu mkubwa wa vyama vyetu, tena ni mkubwa kuliko upungufu wa fedha. Msitu unaotunzwa na wachache hupata maadui wengi bila sababu, na siku wenye karatasi wanapokuja, wale waliozuiwa na ua hawatatoka nyumbani kuutetea. Dawa zake ni ndogo ndogo, wala si za kushangaza: mkutano ufanywe Jumamosi mchana, uzungumzwe kwa Kiswahili, nauli ya mjumbe ilipwe na chama, na viti fulani vitengwe kwa waokotao kuni na kwa vijana.

Mfano wa karibu zaidi uko Westlands. Barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikitayarishwa, ilihofiwa mwaka 2019 kwamba ingekula sehemu ya Uhuru Park. Watu wakapiga kelele, na wenye mradi wakaahidi kwamba bustani haitaguswa. Mwaka 2020 ikaja zamu ya mugumo mmoja mkubwa, wenye umri unaokadiriwa kuwa zaidi ya miaka 100, ulioko kando ya Waiyaki Way. Ulikuwa ung'olewe. Watetezi wa mazingira wakasimama, na mwezi wa Novemba likatolewa tangazo la Rais Uhuru Kenyatta kwamba mti huo uhifadhiwe. Ukahifadhiwa, na watu wakapiga picha chini yake. Miti mingine mingi ya barabara ileile, isiyokuwa na jina wala umri wa kutajwa, ilikuwa imekwisha kukatwa. Mugumo uliokolewa kwa sahihi ya mtu mmoja. Ile mingine haikuwa na halmashauri ya kuuliza, mapema, wakati michoro ilipokuwa bado mezani, idadi yake ni ngapi na itapandwa mingine wapi.